Mkono wa Birika

Punta Arenas, mwezi wa Julai. Saa tatu asubuhi na giza bado,
upepo unagonga madirisha ya hospitali kama mdai.
Chai sijainywa, na nimeshapiga picha mikono minne:
barafu ya barabarani haichagui wa kumwangusha.

Wa tano ni Eleuterio Barría, mkata manyoya ya kondoo,
miaka sitini na mmoja, kaanguka mbele ya duka la nyama.
Kifundo kimevimba. Naulaza mkono juu ya bamba,
namwambia: geuza kiganja, kitazame dari.
Anageuza bega. Anageuza ubavu.
Anainuka nusu kitini, uso umemwiva.
Kiganja kimebaki pale pale, kinatazama chini.
"Mwisho wake hapo, mama," anasema. "Yote miwili. Tangu nizaliwe."

Miaka ishirini na sita nawatazama watu kwa ndani.
Nimeona mwiba juu ya kiwiko cha karani wa posta,
umejikunja kama ukucha wa ndege,
na mwenyewe hana habari, anagonga mihuri.
Nimeona vijifupa viwili vya kifundo vimeshikana
kama mikate iliyobanana tanuuni.
Nimeona kijifupa cha ziada, punje ya dengu,
ambacho daktari mgeni alikifunga plasta wiki sita
akidhani kimevunjika.
Mfupa uliovunjika una kingo kali, sahani iliyopasuka.
Uliozaliwa hivyo una ukingo laini, kokoto la mtoni.

Picha inatokea.
Mifupa miwili ya kigasha,
ambayo kwangu na kwako hupishana,
mmoja ukimzunguka mwenzake
ili mkono uchote maji, uombe, upokee,
kwake imeungana chini kidogo ya kiwiko,
weupe ndani ya weupe, hakuna mshono,
mapacha waliokataa kutandikiwa mbalimbali.

Hapo nikamkumbuka.
Mji huu ni mdogo, na duka la mikate la kina Oyarzo ni moja.
Huyu ndiye asiyepokea chenji mkononi:
huikokota kwa vidole hadi ukingo wa kaunta
idondokee kofiani.
Nasi tuliosimama foleni nyuma yake tulitazamana,
tukasema bahili huyo, mkono wa birika,
umejipinda ukagandia hapo.
Nilisema na mimi. Nilicheka na mimi.

Lakini bandani, mashine ya kunyolea
hushikwa kiganja kikiwa chini,
na msimu mzima hakuna aliyemfikia:
kondoo mia na themanini kwa siku,
manyoya yakivuka kama shuka moja.

Dokta Vukasović, kijana, ana haraka, kaandika mstari mmoja:
*Hakuna mvunjiko. Umbile la kuzaliwa.*
Barría kaomba kuiona picha. Kaisogelea,
kaigusa kwa kidole pale penye muungano.
"Mwalimu alidai kiganja ili akichape rula.
Nikampa mgongo wa mkono. Akanipiga mara mbili,
moja ya kosa, moja ya kiburi."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu
baada ya kifungo kwisha:
"Kumbe ni mfupa."

Nje kwenye benchi binti yake Maritza anangoja,
mtoto mapajani, mwaka na nusu, anakula uji.
"Amevunjika?" "Hapana," nasema, "amestuka tu,"
na macho yangu yamekwama kwenye kijiko:
mtoto amekishika kwa juu, kiwiko kimepaa kama bawa,
na mdomo ndio unaokwenda kukifuata.

Babu ameona ninachokiona. Hakusema.
Alijifunga skafu polepole, mara mbili, mara tatu.

Mfukoni nilikuwa na biskuti.
Nilitaka kumpa mtoto, nikaunyoosha mkono,
nikaurudisha.
Nikaiweka juu ya meza ndogo, ukingoni kabisa,
pale inapookoteka.